Somo: Kusafisha maji ya tope kwa mbegu za mlonge

Wadau, kemia ya kijani (kemia inayopunguza sumu na taka) ikitajwa wengi hufikiria maabara za nchi tajiri. Kwangu mimi uwanja wake hasa ni ndoo ya maji ya mto, pale ambapo dawa ya kuyatuliza inaagizwa kutoka mbali huku mlonge unaota jirani. Wanawake wa Sudan walituliza maji ya Nile kwa mbegu hizi tangu kabla watafiti hawajaanza kuzipima.

Chembe za udongo majini zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na hazitui. Protini ya mbegu ya mlonge ina chaji chanya: inazinasa, zinashikamana kuwa mabonge, mabonge yanazama. Shabu, ile dawa ya dukani ya kutuliza maji, hufanya kazi hiyo hiyo, ila hushusha pH ya maji (yaani huyafanya yawe na asidi zaidi) na kuacha tope lenye alumini. Mlonge haugusi pH, na tope lake linaoza.

Hatua ya 1. Acha maganda yakaukie mtini mpaka yawe ya kahawia. Mbegu za maganda mabichi hazina nguvu. Menya, chagua viini vyeupe, vilivyosinyaa tupa.

Hatua ya 2. Twanga, chekecha upate unga laini. Andaa wa kutumia siku hiyo tu.

Hatua ya 3, kipimo. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yenye ukungu kidogo, anza na mbegu 1 kwa lita 4. Ya wastani, 1 kwa lita 2. Mazito, 1 kwa kila lita. Tope kabisa, 2 kwa lita. Hivyo ni vipimo vya kuanzia. Chukua vyombo vinne vyenye maji yaleyale, kila kimoja kitie kiasi tofauti, halafu tazama kipi kinang'aa kwa kiasi kidogo zaidi. Usiongeze ukidhani ndiyo yatang'aa zaidi: protini ikizidi, chembe hugeuka chaji chanya zote na kuanza kusukumana upya, maji yanarudi ukungu.

Hatua ya 4. Unga utie kwenye chupa yenye maji safi kidogo, tikisa dakika 5, chuja kwa kitambaa cha pamba. Majimaji meupe yanayotoka ndiyo dawa.

Hatua ya 5. Mimina kwenye ndoo, koroga kwa kasi dakika 1 ili dawa isambae, kisha polepole sana dakika 5 hadi 10. Utaanza kuona vipande vidogo vinaelea. Ukikoroga kwa nguvu wakati huo unavivunja.

Hatua ya 6. Funika, usiguse saa 1 hadi 2. Teka ya juu bila kutibua chini.

Hatua ya 7. Chemsha. Au jaza chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2. Hatua hii si ya hiari.

MASWALI

Swali: Mkuu, maji yakishang'aa kuchemsha kwa nini tena?
Jibu: Mabonge yanashuka na bakteria wengi, si wote. Wanaobaki huwaoni kwa macho, na mtoto mdogo ndiye wa kwanza kuharisha. Kuyang'arisha kwanza kunasaidia kwa sababu jua halipenyi kwenye tope.

Swali: Naweza kuyahifadhi wiki nzima?
Jibu: Hapana, yatumie ndani ya siku moja. Mabaki ya mbegu yanabaki majini na ni chakula cha bakteria. Hata klorini, dawa ya kuua vijidudu, huliwa na mabaki hayo. Udhaifu huu ni wa kweli na lazima usemwe. Mwaka 2012 watafiti wa Pennsylvania State University ya Marekani walionyesha njia ya kuishikisha protini hiyo kwenye mchanga, kisha kuosha mabaki mengine, ili uchuje bila kuyaacha majini. Mimi naona utafiti wa namna hii ndio wa kuungwa mkono.

Swali: Nikikamua mafuta kwanza, mbegu zinaharibika?
Jibu: Haziharibiki. Protini inabaki kwenye mashudu. Kamua mafuta, mashudu ndiyo yatibu maji.

Swali: Kisima chetu kina chumvi na floridi. Mlonge utasaidia?
Jibu: Hautasaidia ndugu. Chumvi imeyeyuka, haishikwi na mabonge, na kwa floridi usiutegemee. Peleka sampuli ipimwe kwanza.