Siku saba porini na gari la kukodi: hesabu ya saa, kutoka Tarangire hadi kreta ya Ngorongoro

Anayepanga safari ya wiki moja kwenye hifadhi za kaskazini mwa Tanzania huanza kwa kuuliza wanyama wako wapi. Swali zuri, ila lisiwe la kwanza. Anza na saa. Kibali cha kuingia Serengeti kinahesabiwa saa 24 tangu mlipoingia getini, si tangu alfajiri wala tangu usiku wa manane. Mkiipatia hesabu hiyo, mnakaa siku tatu kamili kwa malipo ya siku tatu. Mkiikosea, mnalipia siku ya nne kwa sababu ya dakika ishirini mlizosimama kumtazama duma.

Mpango huu ni wa wasafiri watano, dereva na mpishi ndani ya Land Cruiser moja ya kukodi. Mnalala kwenye mahema, isipokuwa usiku mmoja Karatu. Mnakwenda Tarangire, Serengeti na Ngorongoro. Manyara ni ya hiari, na tutaona kwa nini.

Gari na makubaliano

Linalotakiwa ni Land Cruiser iliyorefushwa, yenye paa la kunyanyua. Wakizidi abiria sita, kuna mtu atakosa dirisha na manung'uniko yataanza siku ya pili. Noah itawafikisha hadi getini kwa bei nafuu, lakini kreta ya Ngorongoro haishuki gari lisilo na fowili.

Bei ya gari kwa siku haina maana mpaka mjue imebeba nini. Andikeni kwenye makubaliano nani analipia mafuta, chakula na malazi ya dereva, kiingilio cha gari, na ada ya kushusha gari kreta. Hiyo ya mwisho hutozwa kwa gari, mbali na kiingilio cha kila mtu, na ndiyo inayosahaulika kisha inazuka asubuhi ya siku ya saba. Ulizeni pia kama bei ina VAT. Asilimia 18 si kitu cha kugundua mwishoni. Ombeni kuona leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi bado wanaiita TALA.

Jioni ya kuamkia safari, likagueni gari wenyewe. Spea ziwe mbili, na mzibonyeze kweli, kwa sababu spea iliyokaa mwaka mzima mgongoni mwa gari mara nyingi haina upepo. Jeki, spana ya magurudumu, koleo na kamba ya kuvutia viwepo. Inama uchungulie springi za nyuma: jani lililopasuka lina mstari mwembamba wenye kutu, na litakatika kabla ya Naabi, lango la Serengeti. Funga milango yote upapase mipira yake. Ikiwa imekauka na kukatika, vumbi litaingia mpaka kwenye sukari.

Malipo na vitambulisho

Tarangire na Serengeti ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Ni eneo la hifadhi lenye mamlaka yake, NCAA, na ndani yake Wamasai wanaishi na kuchunga. Kwa hiyo malipo ni mawili, kila upande na namba yake ya malipo, na mnalipa kwa benki au kwa simu. Msitegemee noti getini. Ombeni namba hizo mapema mkiwa bado Arusha, maana mtandao ukikwama Lodoare, lango la Ngorongoro, asubuhi mnasimama na foleni nzima nyuma yenu.

Barabara ya Serengeti inakatiza Ngorongoro, hivyo Ngorongoro mnailipia mara mbili: mnapopita kwenda na mnaporudi, kwa kuwa saa 24 zitakuwa zimeshapita. Si kosa la karani. Wekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile mgeni anacholipa kwa dola. Viwango hubadilika na mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, kwa hiyo bei aliyolipa jirani yenu mwaka jana isiwe msingi wa hesabu. Kila mtu abebe kitambulisho halisi cha NIDA au pasipoti. Picha kwenye simu inaweza kukataliwa. Na ndugu aliyekuja kutoka Marekani au Oman na pasipoti ya huko atalipa kama mgeni, hata Kiswahili chake kiwe cha Unguja mjini. Mwambieni kabla hajapanda ndege. Wanaotoka Kenya wakumbuke kwamba hakuna kuvuka moja kwa moja kutoka Maasai Mara kuingia Serengeti. Njia ni Namanga au Sirari, na gari lenye namba za Kenya hutozwa kigeni.

Mwezi gani

Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Nyasi ni fupi, wanyama wanasogea kwenye maji, na Tarangire inakuwa na tembo kila kona ya mto. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari nyumbu huzaa kwenye nyika za kusini, upande wa Ndutu. Mkienda wakati huo, hamishieni huko usiku mmoja au miwili ya Seronera, katikati ya Serengeti. Aprili ni ya mtu mwenye subira na dereva mzuri.

Wengi wanataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara, kati ya Julai na Oktoba. Kwa siku saba, hapana. Kogatende, kando ya mto huo kaskazini mwa Serengeti, ni mwendo wa nusu siku kutoka Seronera, na nyumbu hawana ratiba: wanaweza kusimama ukingoni kutwa nzima kisha wageuke. Mkitaka mto Mara, futeni Tarangire mkalale kaskazini angalau siku mbili. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kununua vumbi.

Siku ya 1 na ya 2: Tarangire

Ondokeni Arusha saa 1 asubuhi. Makuyuni mnanyoosha moja kwa moja, mnakunja kushoto Kwakuchinja, na kilomita 120 hivi kutoka Arusha mko getini. Fuateni mto, kisha shukeni hadi kinamasi cha Silale, ambako tembo husimama tumbo likiwa majini.

Adui wa Tarangire ni mbung'o. Huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na hulifuata gari linalotembea wakidhani ni mnyama. Vaeni kaki au kijivu. Dawa ya mbu haiwasumbui sana. Mkiingia kwenye vichaka vyao fungeni vioo, muue waliokwisha kuingia, ndipo mfungue tena.

Laleni kambini ndani ya hifadhi, mzunguke tena alfajiri, na mtoke kabla saa zenu hazijaisha. Mchana wa siku ya pili una nafasi ya Manyara: msitu, nyani wengi, viboko. Ni pazuri, lakini simba wake wa kupanda miti hawamngoji mtu mwenye saa tatu tu za kuzunguka. Mkiwa mmechoka, pitilizeni hadi Karatu mkaoge maji ya moto. Hapo jazeni tangi. Mzunguko wote una kilomita 1,000 au zaidi kidogo, na gari hili porini huenda kilomita 6 au 7 kwa lita ya dizeli. Seronera kuna kituo cha mafuta, ila kihesabuni kama akiba.

Siku ya 3: kufika Naabi saa 7, si saa 4

Hapa ndipo hesabu inapofanya kazi. Mkikimbia mkaingia lango la Naabi saa 4 asubuhi, siku ya sita mtatakiwa kutoka saa 4, na asubuhi yenu ya mwisho Serengeti itakuwa ni ya kukimbizana na lango. Mkiingia saa 7 mchana, mnatoka saa 7 mchana, na asubuhi tatu nzima ni zenu.

Kwa hiyo saa za katikati zitumieni Ngorongoro, ambako mmeshalipa kupita. Simameni kilele cha kreta mtazame chini, mita 600. Kisha kateni kwenda Oldupai, ambako mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu Zinjanthropus mwaka 1959. Makumbusho yana kiingilio chake. Jina sahihi ni Oldupai, mkonge pori kwa Kimaasai. Olduvai ni sikio la wageni.

Lami inaishia Lodoare. Kutoka hapo hadi Naabi barabara ina vimatuta vidogo vilivyofuatana kama bati. Madereva hukimbia ili gari lielee juu yake, na ni kweli mtikisiko unapungua, lakini gari linaloelea halishiki barabara kwenye kona. Mwambieni dereva apunguze, na asione haya. Ndani ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Siku tatu Seronera

Toka kambini saa 12 kamili asubuhi, lango la siku linapofunguka, na chai iwe ndani ya chupa. Mzunguko wa kwanza ni hadi saa 4, wa pili kuanzia saa 10 jioni. Mchana paka wote wamelala, nanyi laleni.

Chui msimtafute kwa madoa. Tazameni miti ya kando ya mto Seronera, mivungunya na migunga ya manjano, kwenye tawi linalokwenda mlalo, na mtafute mkia. Unaning'inia wima mahali ambapo hakuna kitu kingine kinachoning'inia hivyo. Swala wakisimama wote wakiangalia upande mmoja bila kula, zimeni injini. Simba wapekueni juu ya vilima vya mawe jua likiwa changa, kwani mawe hubaki na joto. Redio ya dereva ina faida, lakini dereva anayekimbilia kila anachosikia atawafikisha kwenye magari ishirini na mgongo wa simba mmoja. Siku moja kati ya hizo tatu mwambieni aizime.

Wenye kamera, mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya paa ni stendi bora kuliko ya kununua, na jioni unapikwa.

Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nguchiro, hazina uzio. Jiko na sehemu ya kulia ziko ndani ya mabanda yenye wavu, na chakula chote kinabaki humo. Ganda la ndizi ndani ya hema linamwita nyani mchana, na kiatu kilichoachwa nje kinabebwa na fisi usiku. Kabla ya kutoka kwenda chooni, piga tochi mzunguko mzima ukitafuta macho yanayong'aa. Ukiyaona, rudi ndani. Kuchimba dawa porini mchana ni pale tu dereva aliposimama na kukagua, nyuma ya gari, na si nyuma ya kichaka kizuri ulichokiona wewe.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu kwa siku. Watu saba, siku saba: lita 147, yaani madumu manane ya lita 18 na katoni ndogo. Nusu inunueni Karatu. Gesi iwe mtungi wa kilo 15; wa kilo 6 utazimika na maharage yakiwa nusu. Kuokota kuni ni marufuku, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Mkikwama, sababu ni karibu ileile siku zote: udongo mweusi, ule ambao wakulima wanauita mbuga. Ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa unashika tairi kama ugali. Dereva akikanyaga mafuta, tairi linajichimbia. Aache, aingize fowili na gia ndogo, mchimbe mbele ya magurudumu manne yote, ndipo gari litoke polepole. Mnashuka baada ya yeye kuangalia pande zote, na mmoja anabaki juu ya paa akilinda.

Siku ya 6 na ya 7: kreta

Tokeni Naabi kabla ya saa 7, mlale ukingoni mwa kreta, kambi ya Simba. Ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Mtu wa Dar es Salaam atashangaa: Juni na Julai pumzi inatoa moshi. Beba soksi nzito, kofia, na blanketi juu ya begi la kulalia. Tembo hufika hadi kwenye tangi la maji, wapisheni.

Saa 12 asubuhi muwe tayari kwenye mteremko wa Seneto, njia ya kushukia tu. Kupanda ni kwa Lerai. Faru mtafuteni mapema kwa darubini: ni kama jiwe jeusi kwenye nyasi, ila mkirudi kuliangalia baada ya dakika tano, limesogea. Twiga msiwatafute, kreta haina. Ngoitokitok kuna vyoo na bwawa la viboko, na kuna mwewe wanaoshuka kunyakua kipande cha kuku mkononi mwa mtu na kumwachia mikwaruzo. Kuleni ndani ya gari.

Saa 5 anzeni kupanda, saa 6 muwe Lodoare, saa moja kabla ya kibali kuisha. Mteremko wa kushukia Mto wa Mbu ni mrefu na breki zimeshachoka wiki nzima, kwa hiyo dereva ashuke kwa gia. Chini pale zinauzwa ndizi nyekundu. Bei ya kwanza mtakayotajiwa ni ya watu walioshuka kwenye gari la paa wazi. Salimieni vizuri, ulizeni habari za mvua, ndipo muulize tena.