Siku moja Laza: jinsi wawili wanavyoweza kuingia kanivali ya matope na sisimizi

Laza ni mji mdogo wa milimani katika bonde la juu la mto Támega, mkoa wa Ourense, Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Kanivali yake, Entroido kwa Kigalisia, huchukua siku kadhaa. Mkiwa na siku moja tu, chagueni Jumatatu. Jumapili inawafaa wapenda picha. Jumanne jioni husomwa wosia wa punda, mashairi ya kuwasuta wenyeji kwa Kigalisia, na mgeni asiyewajua wanaosutwa atabaki anatazama midomo. Jumatatu, siku ya kurushiana matope na udongo wenye sisimizi, haihitaji lugha, inahitaji nguo tu, na nguo ndizo zinazowaponza wageni wengi.

Tarehe hubadilika kila mwaka kwa sababu hufuata Pasaka. Hesabuni siku 48 nyuma kutoka Jumapili ya Pasaka, au siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwaka 2027 ni tarehe 8 Februari, na 2028 ni tarehe 28 Februari. Wanaofunga wajue kwamba ile ya 2027 inagongana na mwanzo wa Ramadhani, siku moja mbele au nyuma kutegemea mwandamo.

Laleni Ourense, si Laza. Vitanda vya Laza ni vichache na huwahiwa mapema mno. Nyumba ya mahujaji iliyopo pale ni ya wanaotembea kwenda Santiago, si ya watalii wenye gari. Kutoka Madrid treni ya kasi hufika Ourense kwa saa mbili na kitu. Kodisheni gari hapohapo Ourense, na mwenye leseni ya Afrika Mashariki abebe pia kibali cha kimataifa cha kuendesha. Msitegemee basi la kuwarudisha jioni. Wanaotokea Porto, upande wa Ureno, waulize kwanza kama gari lao limeruhusiwa kuvuka mpaka, na wakumbuke kwamba saa ya Hispania iko mbele ya ile ya Ureno kwa saa moja. Ukisahau hilo, utafika vita vya matope vimekwisha.

Ondokeni Ourense saa mbili asubuhi. Shikeni barabara kuu ya A-52 kuelekea Benavente, haina malipo. Hadi Verín ni kama kilomita 70. Katikati mtapita tambarare ya A Limia, ambako Februari asubuhi ukungu hulala chini na barabara huweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Punguzeni mwendo hata kama wenyeji wanawapita. Verín jazeni mafuta, nyweni chai, toeni pesa taslimu na mwingie msalani, maana Laza siku hiyo kila kitu kina foleni. Kisha pandeni kaskazini kwa barabara ya mkoa kama kilomita 20. Simu ikiwaonyesha njia ya mkato ya milimani kutoka Ourense moja kwa moja, ikatalieni: ni nyembamba, ina kona nyingi, na asubuhi ya baridi haitawaokolea hata dakika moja.

Katikati ya mji hufungwa kwa magari. Egesheni nje, kwenye ukingo wa barabara mliyojia, na gari ligeuzwe kabisa kuelekea Verín. Jioni, watu wote wakitaka kuondoka kwa pamoja, mtajishukuru.

Sasa nguo. Vaeni mnachoweza kutupa. Suruali ndefu kwa wote wawili: mchana hushuka Morena, mtu aliyebeba kichwa cha ng'ombe cha mbao, na mchezo wake wa kale ni kuwavamia watu na kuinua sketi za wanawake. Mwanamke aliyevaa gauni au kanga anakuwa amejialika. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu na vyenye soli ya kushika, kwa sababu mawe ya uwanjani yakipata tope yanateleza kama sabuni. Mabuti marefu ya mvua yanaonekana ya busara, lakini mdomo wake uko wazi, na udongo wenye sisimizi ukiingia humo hautoki mpaka uvue. Ingizeni suruali ndani ya soksi, mikono ya koti ndani ya glavu, kisha zungusheni utepe wa gundi. Juu vaeni koti la mvua lenye kofia, ndani sweta: halijoto huwa ya chini, na mvua Februari ni jambo la kawaida. Funikeni nywele, tope likikauka kwenye rasta au nywele za kusuka ni kazi ya siku mbili. Macho yalindwe kwa miwani mipana ya fundi. Anayetumia lenzi za machoni aziache hotelini.

Simu moja tu iingie mjini, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzibika, ikiwa na picha ya skrini ya mahali gari lilipo. Kamera nzuri ibaki garini. Ufunguo wa gari ufungiwe kwa kamba ndani ya nguo, si mfukoni. Kwenye buti la gari wekeni seti kamili ya nguo safi kwa kila mmoja pamoja na viatu, taulo mbili, lita tano za maji, mifuko minne mikubwa ya taka na shuka kuukuu la kutandika vitini.

Asubuhi, kabla ya adhuhuri, ni farrapada kwenye uwanja wa Picota: matambara yaliyochovywa kwenye tope zito hurushwa huku na huku. Tambara likilowa huwa zito, na likikupiga usoni kwa karibu linauma. Simameni ukingoni, mgongo ukielekea kichochoro ambacho mmeshakikagua kwamba hakijafungwa. Wapya hukosea kwa kwenda katikati ili waone vizuri, kisha wanapigwa kutoka pande nne. Rusheni kifuani kwenda chini, msirushe kwa wazee wala watoto, na msijaribu kujitangaza kuwa watazamaji. Uwanjani hakuna mtazamaji. Mmoja wenu akitaka kubaki safi, akae ndani ya baa au aombe kwa adabu nafasi ya ghorofani, na mkubaliane mapema mtakutana wapi, kwa sababu kupigiana simu katikati ya kelele zile ni bure.

Mtakutana pia na peliqueiros, wahusika wakuu wa kanivali hii: kinyago cha mbao chenye tabasamu lisilobadilika, bamba lililochorwa mnyama juu ya paji, koti fupi la marembo, kengele kubwa za ng'ombe kiunoni, na mjeledi mkononi. Masimulizi ya mji huwaunganisha na watoza kodi wa mwinyi wa Monterrei. Kengele zikisikika, sogeeni ukutani. Peliqueiro haguswi, hazuiwi njia, wala hashikwi kengele ili kupiga naye picha. Mgeni akifanya hivyo anatandikwa, na hakuna mwenyeji atakayemwonea huruma. Maneno ya kumchokoza yanaruhusiwa, mkono hauruhusiwi. Wala msivae nusu ya vazi lake mkidhani mnawapamba wenyeji. Kulivaa ni heshima yenye masharti yake.

Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane. Meza za kanivali Galicia zimejaa nguruwe: kichwa chake, mguu wake uliotiwa chumvi pamoja na majani ya grelos, soseji za kila namna. Asiyekula nguruwe asidanganyike na mboga, kwani mara nyingi zimechemshwa katika sufuria moja na nyama hiyo. Ombeni mayai, viazi, samaki wa kopo au jibini. Hata filloas, chapati nyembamba za maji, ziulizieni: nyingine hutiwa damu, na kikaango hupakwa mafuta ya nguruwe. Kilicho salama zaidi ni bica, keki ya Laza, nyeupe kwa sababu ya ute wa yai na malai. Divai ya Monterrei na pombe tamu ya kahawa hugawiwa kwa ukarimu. Atakayeendesha asionje hata tone, askari wa barabarani wanaijua kalenda ya kanivali vilevile.

Saa za alasiri, Morena hushuka kutoka Cimadevila, mtaa wa juu, akisindikizwa na watu wanaorusha majivu, unga na udongo uliojaa sisimizi wekundu. Sisimizi hao hukusanywa mapema na kunyunyiziwa siki ili wakasirike zaidi. Hapa utepe wa gundi unalipa gharama yake. Wakishaingia shingoni, msisugue, maana kusugua kunawafanya waume. Vueni koti, mkung'ute, mpukutishane mgongo. Kuwa wawili kuna faida kubwa dakika hiyo. Siki au majivu yakiingia jichoni, suuzeni kwa maji mengi. Mwenye mzio wa kuumwa na wadudu asishuke uwanjani kabisa alasiri. Dawa ya mzio mfukoni ni ya kutuliza muwasho, si ruhusa ya kujaribu bahati.

Ondokeni kabla giza halijashika. Msiingie garini na nguo zile. Vueni nje ya mlango, koti kwanza na viatu mwisho, kila kitu kiingie kwenye mfuko wa taka na ufungwe kwa fundo, kisha kagueni nywele na masikio ya mwenzako. Sisimizi wakiingia kwenye vitambaa vya gari la kukodi, mtalipia usafi. Hotelini msitupe nguo hizo moja kwa moja kwenye mashine. Acheni tope likauke usiku kucha, lipigwe brashi asubuhi, kisha loweka kwenye maji baridi. Maji ya moto hulifanya doa la udongo mwekundu likae kwenye pamba. Viatu vijazwe magazeti na viwekwe mbali na hita, la sivyo soli itabanduka.