Jinsi ya kusajili bikoni ya dharura ya boti yako Uganda, kuanzia dukani hadi mwaloni

Bikoni ni kile kifaa kidogo cha njano au cha rangi ya machungwa ambacho ukikiwasha boti inapozama, hutuma ishara kwenye setilaiti ili waokoaji wajue uko wapi. Wenye boti wengi, wawe wa Majanji, Kiyindi, Kasenyi au kule Ntoroko, wakishakinunua hukifunga karibu na injini na kuona kazi imekwisha. Kumbe imebaki nusu. Bikoni isiyosajiliwa inapolia, anayepokea ishara huona namba tu. Hajui boti ni ya nani, ina rangi gani, imebeba watu wangapi, wala ampigie nani kuuliza.

Kusajili ni bure na hakuhitaji wakala. Yuko mtu atakayekuambia mpe laki moja akufanyie, usimpe. Ila kuna makosa ambayo ukiyafanya dukani, huwezi kuyafuta ukiwa mbele ya kompyuta, kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla hujatoa hela.

Makaratasi ya boti kwanza

Sheria ya Uganda ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inataka chombo kisajiliwe na kiwe na leseni, na kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, idara ya usafiri wa majini. Boti ya uvuvi ina mlango mwingine tena: leseni ya kuvua inatoka upande wa Wizara ya Kilimo, ambayo kurugenzi yake ya uvuvi iko Entebbe. Fomu ya bikoni haitakukatalia kwa kukosa hayo, lakini utaulizwa jina na namba ya chombo, na namba inayotakiwa ni ile iliyopakwa ubavuni, ambayo askari wa doria ataisoma kwa mbali. MV Templar ilipozama karibu na Mutima, Mukono, tarehe 24 Novemba 2018 na kuua zaidi ya watu 30, haikuwa na leseni, na hata idadi ya waliopanda ilibidi ikisiwe. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800. Kumtafuta mtu humo bila kujua unatafuta boti ya namna gani ni kazi ya kubahatisha.

Ununue ipi

Ziko aina mbili zinazokufaa. EPIRB ni ya chombo: kubwa kidogo, huelea, na nyingi hujiwasha zenyewe zikiingia majini. Betri yake lazima iweze kutuma kwa saa 48. PLB ni ya mtu: inaingia mfukoni au inafungwa kwenye jaketi la kuokolea, unaiwasha kwa mkono, na betri yake inatakiwa kudumu saa 24. Kwa mtumbwi wa futi 28 wenye injini moja, mimi ningechukua PLB nikaifunga kwenye jaketi la kokseni, yaani anayeendesha chombo, kwa sababu mitumbwi yetu hupinduka ghafla, na kitu kilichofungwa kwenye ubao kinabaki chini ya mtumbwi. Boti ya abiria ni habari nyingine. Hiyo iwekewe EPIRB, tena yenye kifyatulio kinachoiachia boti ikishazama. Kifyatulio hicho hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na tarehe huandikwa juu yake.

Hakikisha kifaa kinatumia masafa ya megahezi 406. Bado vinauzwa vya zamani vya megahezi 121.5 peke yake, kwa bei ya kutupa. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo ukikiwasha utasikika na mtu aliye karibu mwenye chombo cha kupokea, basi. Chukua yenye GPS ndani yake. Bei yake ni mamia ya dola, yaani inapita milioni moja ya Uganda bila shida, na ndiyo maana wanachama wa mwalo mmoja wakichanga na kununua kadhaa kwa pamoja huwa nafuu kwa kila mmoja.

Fataki za ishara nazo zina kazi yake. Ya kushika mkononi huwaka kama dakika moja. Ile ya mwavuli hupanda mita 300 na kung'aa kama sekunde 40. Lakini zinamfaa aliye na mtu wa kumtazama. Tochi vilevile: usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi wa mukene (dagaa), na tochi yako ni moja tu kati ya hizo. Imulike kwa mpango, mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu, ndipo mtu atagutuka.

Kabla ya kulipa: angalia namba ya nchi

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kila bikoni huwekewa kiwandani au dukani namba ya nchi, na daftari utakaloandikishwa linafuata namba hiyo, halifuati mahali unapoishi. Namba ya Uganda ni 675. Bikoni aliyokuletea shemeji kutoka Dubai au Marekani inaweza kuwa na namba ya huko, na hapo itabidi uisajili kwenye daftari la nchi hiyo au umtafute fundi aliyeidhinishwa na kiwanda aibadilishe.

Huna haja ya kumwamini muuzaji kwa maneno. Tazama kibandiko kilichoandikwa HEX ID au UIN. Chini yake pana alama kumi na tano. Bikoni yenye namba ya Uganda huanza na D46, D47, 546 au 547. Ikianza na 2DC ni ya Marekani, 1D0 ni ya Uingereza. Mwambie muuzaji aiweke 675 kabla hujatoa pesa, na akupe karatasi ya kuthibitisha. Hapo hapo soma tarehe ya betri. Kifaa kilichokaa rafuni miaka minne si kipya, hata kama boksi halijafunguliwa.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, kumbuka ofisi mbili: Mamlaka ya Mapato, URA, kwa ushuru, na Tume ya Mawasiliano, UCC, iliyoko Bugolobi, Kampala, ambayo huidhinisha vifaa vyote vya redio vinavyoingia nchini. Waulize UCC kuhusu modeli unayoitaka kabla haijapakiwa. Mzigo ukishazuiwa uwanja wa ndege, wewe ndiwe utakayelipia siku zake za ghala.

Kujaza fomu

Daftari la kimataifa la bikoni linaendeshwa na Cospas-Sarsat, mpango wa setilaiti za uokoaji ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Anwani ni www.406registration.com. Ukiingia, chagua kusajili bikoni mpya, weka nchi, kisha zile alama kumi na tano. Mfumo wenyewe utakuambia kama unaweza kuendelea. Kama nchi ya bikoni hiyo ina daftari lake, utaonyeshwa ofisi ya kuwasiliana nayo.

Alama hizo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu. Kwa hiyo kiduara chochote ni sifuri, na kijiti chochote ni moja. Zinazosumbua ni B na 8. Piga picha kibandiko kwa simu, kuza picha, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike. Viwanda vingine huongeza alama tano za kuhakiki. Ukiziona kwenye karatasi ya kifaa, zijaze, kwa sababu zitakukamata kama umekosea.

Utatengeneza neno la siri. Liandike kwenye daftari la boti, maana mwaka ujao utalihitaji na hutalikumbuka. Barua pepe iwe yako, isiwe ya kijana wa mkahawa wa intaneti aliyekusaidia.

Sehemu ya chombo ijaze kwa picha aliyonayo kichwani mtu wa ndege au wa boti ya doria: urefu, rangi ya nje, rangi ya ndani, injini ngapi, watu wangapi kwa kawaida, majaketi mangapi. Ukiandika "mtumbwi wa mbao" umetaja karibu kila chombo kilichoko ziwani. "Mtumbwi wa mbao, futi 28, bluu nje, mstari mweupe, injini moja ya nje" ni kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta. Fomu ni ya Kiingereza, kwa hiyo kama lugha hiyo inakupiga chenga keti na mtu anayeijua. Panapobaki nafasi ya maelezo, andika mwalo unaotokea na njia zako za kawaida: kutoka Majanji kwenda Sigulu, au Kasenyi kwenda Koome.

Watu wa kupigiwa simu

Sehemu hii ina mistari michache na wengi huijaza mbiombio. Mimi naiona ndiyo fomu yenyewe. Ishara ikifika, kituo cha uokoaji kinataka kujua kama ni kweli au ni mtoto aliyechezea kifaa. Njia ya haraka ni kumpigia mtu uliyemwandika. Akisema, "Ndiyo, wametoka saa kumi alfajiri, wako sita, wanaelekea Lolwe," waokoaji wana pa kuanzia. Asipopokea, muda wa thamani unaliwa.

Usimwandike ndugu mnayesafiri naye. Inachekesha mpaka uone fomu ambazo mwenye boti na kokseni wake ndio wameandikwa wote wawili, na wote wako majini. Chagua mtu wa nchi kavu, anayelala na simu yenye chaji, na anayejua safari zako. Mke wako anafaa kama unamuaga kabla ya kuondoka. Kama hujazoea, mwandike katibu wa kamati ya mwalo, yeye huona boti zinavyotoka. Andika wawili walau, na namba zianze na +256, ile sifuri ya mbele ikiondolewa. Mmoja awe na laini ya MTN na mwingine ya Airtel, maana mtandao mmoja ukianguka mwaloni mara nyingi mwingine bado upo.

Halafu waambie. Simu inaweza kutoka kwa namba ya nje, na siku hizi watu wetu wakiona namba ya nje wanakata wakidhani ni matapeli. Kaa nao chini: "Mama Nabwire, ukipigiwa na namba usiyoijua ukaulizwa habari za boti yangu, pokea, usikate. Sema tulitoka saa ngapi, tuko wangapi na tumeelekea wapi." Kila safari, ujumbe mfupi kwake kabla ya kusukuma boti. Bila hilo ulichoandika kwenye fomu ni jina na namba tu.

Ukimaliza, utapewa uthibitisho. Chapisha nakala tatu: moja ndani ya plastiki kwenye boti, moja nyumbani, moja kwa kamati ya mwalo au kwa kituo cha polisi wa majini kilicho karibu nawe.

Kama boti ina redio

Redio ya VHF inahitaji ombi la pekee kwa UCC, pamoja na namba ya utambulisho ya tarakimu tisa iitwayo MMSI, ambayo kwa Uganda huanza na 675. Nenda na kitambulisho cha taifa na karatasi za usajili wa boti. Ukiipata namba hiyo, rudi kwenye fomu ya bikoni uiongeze. Mwito wa hatari kwa sauti ni chaneli 16: "Mayday" mara tatu, jina la boti, mahali, shida, idadi ya watu.

Kuijaribu na kuitumia

Bikoni ina kitufe cha kujipima. Kibonyeze kama kitabu chake kinavyosema, mara moja kwa mwezi inatosha, na taa itakuambia. Usiiwashe kabisa "kuona kama inafanya kazi", kwa sababu huko mbali hakuna anayejua unajaribu. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime, piga 999 au 112, wajulishe polisi wa majini na watu uliowaandika. Hutafungwa kwa kujieleza mapema.

Siku ya hatari yenyewe, fungua antena mpaka mwisho, isimame wima, ione mbingu. Usiishike chini ya maji wala kuifunika kwa turubai. Hutuma mpigo mmoja kila sekunde 50 hivi. Ukishaiwasha usiizime kuokoa betri. Iache hadi mtu akuvute mkono.

Vitu vinavyobadilika

Umebadili laini ya simu, umepaka boti rangi nyingine, katibu wa kamati ya mwalo amehama: ingia kwenye akaunti urekebishe siku hiyohiyo. Ukiuza boti pamoja na bikoni, ondoa jina lako na umwache mnunuzi aandike lake, la sivyo boti yake ikizama simu itaita kwako. Na bikoni iliyozeeka usiitupe jalalani ikiwa na betri, kwani huweza kujiwasha ikipigwa na mvua, na watu wakatumwa kuitafuta kwenye takataka. Mpe fundi aitoe betri, kisha iandike kwenye daftari ulikoisajili kuwa imeondolewa matumizini.