Kabla hajajua kuhesabu: somo la pesa kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne

Nina genge hapa Mbagala: nyanya, vitunguu, bamia, na mayai ya kienyeji yakipatikana. Kitinda mimba wangu, anayeelekea miaka minne, amekulia chini ya meza hiyo. Wateja hunisumbua kila siku wakiuliza mtoto mdogo vile amejuaje kupanga fungu, na kwa nini hatuvutani nguo tukipita dukani. Huwa nawajibu nusu nusu huku nafunga mizigo. Leo nayasema kwa kirefu.

La kwanza ni hili: usimlipe mtoto kwa kazi za nyumbani. Wifi yangu alianza hivyo, kila mdoli uliookotwa mia, kikombe kikirudishwa jikoni mia. Siku moja wakapata mgeni, mtoto akaambiwa amletee maji ya kunywa. Akasimama mlangoni, akauliza, "Utanipa ngapi?" Sisi tukacheka, mama yake hakucheka. Kumpelekea babu kandambili zake, kutia nguo chafu kwenye beseni, kuokota vibanio vya nguo, hizo anafanya kwa kuwa ni mtu wa nyumba ile. Mimi nikipika silipwi. Pesa aione pale tu ambapo kweli kuna kitu kimeuzwa. Mshahara hawezi kuuelewa, lakini anaelewa vizuri kwamba nyanya zilikuwa hapa, jirani kazichukua, na sasa pana sarafu.

Basi kazi yenyewe. Nikishamwaga tenga la nyanya namwita aje kutenga: zilizoiva sana huku, ngumu kule, zilizopasuka kwenye bakuli. Usimhubirie habari za hasara. Mshikishe ile iliyobonyea, umwambie, "Hii hakuna atakayeinunua, tukaipike." Haitachukua muda utamwona anashika nyanya kwa mikono miwili. Baada ya hapo ni mafungu, tatu chini na moja juu. Mtoto wa miaka miwili hafiki hadi nne bila kuruka namba, ila fungu lenye kasoro analiona. Wangu hupita mezani akinyoosha kidole, "Hili halina kofia!" Namwacha alivishe kofia mwenyewe, hata akiangusha mbili njiani.

Kama huna genge, usihangaike kulitafuta. Maharage yanachambuliwa kila nyumba: sinia moja, mawe pembeni, yaliyotobolewa pembeni. Anaona kwa macho yake kwamba kilo uliyonunua si yote inayoingia chunguni. Na kama mna kuku wa kutaga, mna shule kamili. Sisi huenda bandani jioni, yeye kashika bakuli. Yai moja tunaliacha kwenye kiota, maana kuku akikuta kitupu anaweza kuhama akatage kwenye uchochoro wa watu. Mawili ni ya kula, yanayozidi yanakwenda mezani kuuzwa. Akikuuliza kwa nini tusile yote, mwambie lile la kiotani ni la kuku, haya ni yetu, na yale yatatuletea mafuta ya taa au chumvi. Inatosha. (Kuacha, kula, kuuza: nawajua watu wazima wenye ndevu zao ambao hilo bado linawashinda.)

Sarafu zenyewe usimfundishe kwa namba. Zetu zina wanyama, na wanyama anawajua: 50 ina kifaru, 100 ina swala, 200 ina simba, na 500, ile iliyoingia mwaka 2014 kushika nafasi ya noti, ina nyati. Mwite, "Niletee simba." Akizoea, panga swala watano mbele ya nyati mmoja, umwambie wanatosha kununua fungu lilelile. Atakataa. Kwake watano ni wengi kuliko mmoja, na kwa umri wake ana haki. Usibishane naye, rudia wiki nyingine. Ila aliye chini ya miaka mitatu usimwachie sarafu mkononi hata dakika. Inakwenda mdomoni moja kwa moja, na ikikwama kooni hapo si somo tena. Mwonyeshe kwenye kiganja chako, na wakubwa wake wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza.

Ukiwa naye dukani lipa kwa sarafu. Lipa Namba, ile ya kulipia kwa simu, ni nzuri, hata mimi nimeibandika mezani, lakini anachoona mtoto ni mama kagusa simu halafu sukari imekuja bure. Umeme ndio huwa namshirikisha kwa namba. Nikinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, namnyanyua mpaka kwenye mita, namsomea zile tarakimu 20 moja moja, yeye anabonyeza. Tunachelewa, na mara nyingi inabidi kufuta na kuanza upya. Lakini siku hizi akitoka chumbani anadai azimiwe taa, eti alibonyeza yeye.

Sasa pesa yake mwenyewe. Kila siku fungu moja mezani ni lake, kalipanga yeye. Likinunuliwa, sarafu inaingia kwenye kopo. Kibubu cha mbao subiri kwanza, kwa sababu kwa mtoto huyu kilichoingia ndani kimepotea. Tafuta kopo la plastiki linaloonyesha ndani, liweke juu ya kabati anapoweza kuliona na hawezi kulifikia. Na lengo liwe la siku mbili tatu, ubuyu au barafu. Baiskeli ni ndoto zako wewe. Siku ya kununua mpe vitu viwili achague kimoja, na akishachagua habadilishi. Atalia. Mwache alie, mshike mkono mrudi nyumbani.

Panapoleta ubishi na majirani ni hapa: fungu lake likidoda, simpi kitu. Wananiona nina roho ngumu, wapo hata wanaotaka kumtupia mia wakipita. Nawazuia kwa heshima, nawaambia, "Shangazi, kama unapenda nunua fungu." Lililododa tunalibeba jioni, tunalikatia kwenye mchicha, yeye anakoroga kwa mwiko nami nimemshika mkono mbali na moto. Asubuhi yake akipanga, lake huliweka mbele kabisa, upande wa barabarani, anayasukuma ya kwangu nyuma. Simzuii, ni haki yake kutafuta mteja.