Mtoto anaumwa tumbo kila mara? Mpeleke kliniki hivi

Wazazi wenzangu wa Tanga, kama mwanao anaumwa tumbo leo, wiki ijayo tena, na sasa ni miezi miwili, acha kuzunguka maduka ya dawa kununua dawa ya minyoo kila akilalamika, na usiseme ni chango tu litapita. Huyo anahitaji watu kadhaa wamtazame kwa pamoja.

Anza na daftari. Kila likiuma andika saa ngapi, alikula nini, choo kikubwa alienda lini na kilikuwaje, kama cha mbuzi au laini, alikuwa shule au nyumbani. Mwambie aoneshe kwa kidole kimoja panapouma. Ukikuta linauma Jumatatu asubuhi na Jumamosi mtoto anacheza mpira Makorora hadi magharibi, hilo pia andika, dokta analihitaji sana.

Anza kituo cha afya cha karibu, wakikupa rufaa ya hospitali ya mkoa, Bombo, nenda nayo na daftari lako. Watapima choo, mkojo (kichocho huku pwani kipo jamani), damu, na uliza pia kuhusu selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Vipimo vikirudi safi usimwambie mtoto anadeka. Maumivu ni ya kweli, mishipa ya fahamu kati ya utumbo na ubongo inakuwa inahisi kupita kiasi, na woga au mawazo yanazidisha.

Hapo ndo timu inaingia: daktari, nesi, mtu wa lishe, na mshauri wa saikolojia au ustawi wa jamii. Huenda hawakai chumba kimoja, kwa hiyo omba mmoja awe msimamizi wa mtoto wako, na kila unapoingia waambie mwenzao kasema nini. Mwalimu naye mhusishe, watoto wengi wanabana choo shuleni kwa sababu hakuna maji au mlango haufungi, mwisho choo kinakuwa kigumu na tumbo linauma.

Nyumbani usimuulize kila saa "linauma?", mfundishe kuvuta pumzi taratibu mpaka tumbo liinuke, na shule aende.

Ila akitapika kijani, akitoa damu chooni, au tumbo likawa gumu halishikiki, hospitali saa hiyohiyo. Akipungua uzito, homa zikirudirudi, au maumivu yakimwamsha usiku, usingoje tarehe ya kliniki, mrudishe mapema.