Kabla hujatia rimu za spoti kwenye kontena la Unguja

Wazanzibari wenzangu mlioko Uingereza, mkivua rimu za gari ya spoti msikimbilie kontena. Pimeni kwanza. Mimi sikupima, na hasara yake bado nailipa.

Nilikuwa na Audi TT ya toleo la pili, nimeivisha rimu za inchi 18 nilizonunua kando. Nilipotaka kuziuza, ami akanipigia simu: "Zilete huku mwanangu, rimu ni rimu, Mwanakwerekwe zitagombewa." Ami ananitakia kheri, namjua. Lakini rimu si kanzu, ukasema ikizidi fundi ataipunguza.

Zangu ni 5x112, yaani matundu matano ya boliti kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 112. Noah na RAV4 zilizojaa huko nyumbani ni 5x114.3. Tofauti ni milimita 2.3, kwa jicho huioni. Ukipima kutoka tundu moja hadi la jirani, inabaki kama milimita 1.4 tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tundu la kati langu ni milimita 57.1, habu ya Toyota, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 60.1. Haliingii hata kwa nyundo. IST za toleo la kwanza na Vitz usiziseme, zina boliti nne.

Haya niliyajua mzigo ushatoka bandarini Malindi, ushuru ushalipwa. Ushuru hauulizi kama kitu kitauzika.

Fundi akashauri tundu la kati lichongwe, boliti zilazimishwe. Ami akaona ni fikra nzuri. Nikakataa, akaninunia wiki nzima. Nasema tena: usikubali. Boliti iliyokaa upande hulegea, na gurudumu likichomoka njia ya Bububu gari imejaa watoto wa skuli, hakuna pesa ya kulipia hilo.

Basi geuza rimu utazame nyuma. Mara nyingi vipimo vimepigwa chapa pale pale: upana, ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu), na hiyo 5x112. Mwambie ndugu yako naye apige picha ya nyuma ya rimu ya mteja, akutumie kabla hujalipia nafasi ya mzigo. Kuziosha na kuzifungasha kwa safari ni kazi ya jioni moja, hiyo iache mwisho.

Zamani nikiwaona wanunuzi wa Kiingereza hawana adabu. Hakusalimu, anaanza: "PCD ngapi? ET ngapi? Zina ufa?" PCD ndiyo hicho kipenyo cha duara la boliti. Siku hizi nawaelewa, kwani vipimo visipolingana hakupotezei muda wala petroli. Ila nao wamezidi kwa kudharau vitu. Rimu ikikwaruzwa kidogo na ukingo wa barabara, bei wanaivunja nusu, na kwetu hiyo ni kazi ndogo ya fundi. Hata hivyo nusu bei ya huku ingenifaa kuliko nauli ya meli.

Zangu ziko barazani kwa ami, Kikwajuni, zote nne, hazina ufa. Mwenye Golf ya kuanzia toleo la tano zitamkaa bila kuchongwa, lakini aje na vipimo vyake.