Namna ya kulitafsiri neno "defect" bila kumkosea mtu

Vijana wanaojifunza kazi ya tafsiri kwangu hapa Mji Mkongwe hukutana na neno hili la Kiingereza, "defect", karibu kila wiki, na wengi wao huandika "kasoro" kisha wakaendelea na mstari unaofuata. Mara nyingi huwa wamepatia, lakini neno lenyewe linahitaji kupimwa kwanza.

Hatua ya kwanza ni kutazama kama limetumika kuwa jina au kitenzi. Jina aghalabu hutiwa mkazo katika silabi ya mwanzo. Kitenzi hutiwa mkazo katika silabi ya pili, na maana yake ni kuihama nchi au chama na kujiunga na upande wa pili, kama alivyofanya mcheza dansi Rudolf Nureyev alipoomba hifadhi mjini Paris mwaka 1961.

Hatua ya pili ni kuuliza kitu kimepungukiwa na nini. Asili ya neno "defect" ni Kilatini, na maana yake huko ni kupungukiwa, na kwa bahati njema "kasoro" yetu tuliyoipata kwa Waarabu imebeba maana hiyo hiyo, kwani tunaposema saa tatu kasorobo huwa tunasema kwamba saa haijatimia. Chukua gao la karafuu zilizoanuliwa kabla hazijakauka sawasawa: utaona ndani yake mpeta, yaani karafuu hafifu, nyepesi, zilizosinyaa na kupauka rangi. Hizo ndizo zenye "defect", kwa kuwa hazikufikia kiwango. Ufa uliojificha ndani ya ubao wa mlango huitwa "flaw", na doa la kutu juu ya kanga, ambayo bado yavalika vizuri, huitwa "blemish". Kwa mwanadamu nenda taratibu: anayezaliwa na tatizo la moyo tuseme ana tatizo la kuzaliwa nalo, wala tusimwite mtu mbovu.

Hatua ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni hati za mauzo, ambamo utakuta "latent defect". Niliwahi kuiandika "kasoro iliyofichwa" katika mkataba wa nyumba ya mawe ambayo boriti zake zilikuwa zimeliwa na mchwa ndani kwa ndani. Mwenye nyumba, mzee wa makamo na mtu wa heshima, alinijia akiwa ameukunja mkataba mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, mimi nimemficha nani?" Alikuwa na haki, kwa sababu Kiingereza hakikumtuhumu mtu yeyote, kilisema tu kwamba ukaguzi wa kawaida usingeweza kuiona kasoro hiyo. Nilimwomba radhi na kuandika upya "kasoro iliyojificha". Tangu siku hiyo, kabla sijaitoa hati, humsomea muuzaji kifungu hicho kwa sauti, nikamuuliza kama amejisikia kutuhumiwa.